Kuandika programu: somo la pekee au sehemu ya hisabati?

Nchini Finland, mtaala ulioanza kutumika mwezi Agosti mwaka 2016 uliingiza uandishi wa programu za kompyuta katika elimu ya msingi bila ya kuanzisha somo jipya. Kazi hiyo walikabidhiwa hasa walimu wa hisabati na wa kazi za mikono.

England ilichagua njia nyingine. Tangu Septemba mwaka 2014, watoto wa shule za serikali hufundishwa kompyuta kama somo linalojitegemea, kuanzia umri wa miaka 5.

Je, kipi kinapatikana programu inapofundishwa ndani ya somo lingine?

Kobe wa Papert

Hoja hiyo ni ya zamani. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, alishirikiana na wenzake nchini Marekani kubuni Logo, lugha ya programu kwa ajili ya watoto, mwaka 1967. Baadaye Logo ilipata umaarufu kwa "kobe" wake: mtoto humwamuru asogee au ageuke, naye huchora mstari apitapo.

Mraba ni rahisi: nenda mbele hatua 100, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara 4. Kisha mtoto hutaka pembetatu yenye pande sawa. Amefundishwa kwamba kila pembe yake ina nyuzi 60, kwa hiyo huandika 60, mara 3. Kobe huishia kuchora nusu ya umbo la pande sita.

Hapo ndipo hisabati inapoanza. Mtoto akitembea mwenyewe njia ya kobe, hutambua kwamba kobe hugeuka kwa pembe ya nje, yaani nyuzi 120. Tena huona kwamba mageuzo yote kwa pamoja ni nyuzi 360. Basi akigawanya 360 kwa idadi ya pande, aweza kuchora umbo lolote lenye pande na pembe sawa.

Kuligawa tatizo, kupanga hatua, kusaka kosa na kupata kanuni ya jumla ndiko kuitwako kufikiri kikompyuta, istilahi iliyoenea baada ya makala ya Jeannette Wing ya mwaka 2006.

Mzigo wa mwalimu

Njia hii ina hatari yake. Somo lenye jina lake lina kipindi katika ratiba na mwalimu wa kuulizwa. Likiwa ndani ya hisabati, mwalimu asiyejiamini aweza kulipita kimya kimya, na mzazi asijue.

Hata hivyo, somo la pekee nalo halijaondoa pengo: katika mtihani wa GCSE wa sayansi ya kompyuta, wasichana wangali wachache mno kuliko wavulana.

Wala ukosefu wa mashine si kikwazo cha kuanza. Katika madarasa mawili ya mwanzo, watoto wa Finland huanza kwa kutunga na kufuata maelekezo ya hatua kwa hatua, zoezi liwezalo kufanyika hata uwanjani. Lisilo na mbadala ni mwalimu aliyeandaliwa, ambaye kobe akipotea njia, atamwachia mtoto nafasi ya kuitafuta sababu.