Slaidi za Maji: Mzazi Asimame Chini, Si Juu

Likizo ya Disemba ikifika, hoteli na sehemu za burudani za Diani, Tiwi na Ukunda hujaa familia. Wapo wanaotoka Nairobi na sehemu nyingine za bara, wakavuka Likoni na mizigo yao, na wapo wenyeji wa Kwale wanaolipa kiingilio cha siku moja ili watoto wafurahie kidimbwi kabla ya shule kufunguliwa. Kwa watoto hawa, kivutio kikubwa mara nyingi si bahari, hata ikiwa hatua chache tu kutoka hapo. Ni slaidi, ule mtelezo unaomwagiwa maji na kumpeleka mtoto kutoka juu hadi kidimbwini kwa sekunde chache.

Mambo huwa hivi. Mama anapanda ngazi na mtoto wa miaka minne, anamkalisha juu ya slaidi, anamsukuma kidogo, kisha anaanza kuteremka taratibu kwa sababu vipandio vimelowa. Mtoto ameshaingia majini kabla mama hajafika kipandio cha tatu. Kwa muda huo wote, mtu pekee anayemjua mtoto huyo yuko mahali ambapo hawezi kumfikia.

Wengi hudhani hatari ya slaidi iko juu, kwa kuwa juu ndiko kunakotisha. Ni kweli watoto huanguka kwenye ngazi, na kukimbia juu ya vigae vilivyolowa kumewavunja wengi mikono na meno. Lakini kwa mtoto mdogo, mahali panapohitaji jicho zaidi ni chini, pale slaidi inapoishia. Mtoto hufika hapo kwa kasi, maji yakimwingia puani na machoni, mara nyingine akiwa amegeuka upande, na kwa sekunde mbili tatu hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Maji yanayomiminika kutoka kwenye slaidi nayo yanaendelea kumsukuma anapojaribu kusimama. Mtu mzima hujiinua bila hata kufikiri. Mtoto wa miaka mitatu au minne, ambaye kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, anaweza kushindwa.

Naye hatapiga kelele. Hili linahitaji kurudiwa kila msimu, kwa sababu filamu zimetufundisha kinyume. Mtu anayezama kikwelikweli hapungi mkono wala haiti mama. Mdomo wake unapanda na kushuka kwenye usawa wa maji, pumzi yote inatafutwa kwa ajili ya kuishi, na sauti haipati nafasi. Kwa mtoto mdogo, hali hiyo inaweza kudumu chini ya dakika moja kabla hajapotelea chini. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka wa 2021, na karibu robo ya wanaokufa maji ni watoto wa chini ya miaka 5.

Kwa hiyo kanuni inayotangulia nyingine zote ni hii: mtu mzima awe ndani ya maji, chini, umbali wa kumshika mtoto kwa mkono. Asimame pembeni kidogo ya mdomo wa slaidi, si mbele yake, kwani mtoto akimgonga kwa miguu wataumia wote wawili. Kama wazazi ni wawili, au yupo shangazi au yaya, mmoja abaki juu na mwingine chini, na wa juu asimwachilie mtoto mpaka wa chini ainue mkono. Je, kama yupo mtu mzima mmoja tu? Basi mtoto asiyeweza kupanda ngazi mwenyewe, akakaa na kusubiri ishara, bado hajafikia umri wa slaidi hiyo. Jibu hilo huleta machozi, lakini vidimbwi vingi vina slaidi fupi ya watoto ambayo mzazi anaweza kusimama kando yake na kumshika mtoto njia nzima.

Kisha kuna suala la kina, na hapa hesabu kidogo inasaidia. Kwa viwango vya ukuaji vya WHO, mtoto wa miaka 3 ana urefu wa wastani wa sentimita 95 hivi, na wa miaka 5 ana sentimita 110 hivi. Sehemu ambayo watu wazima huiita ya maji mafupi katika kidimbwi kikubwa inaweza kuwa na kina cha sentimita 120. Yaani maji yanayomfika mama kifuani yanamfunika mtoto wa miaka mitano utosini, na bado yakabaki. Maandishi ya kina yaliyochorwa ukingoni husaidia, lakini kipimo bora ni mzazi mwenyewe kuingia majini pale slaidi inapoishia kabla mtoto hajapanda ngazi. Maji yakimpita mzazi kiunoni, mtoto mdogo asiyejua kuogelea asiteleze hapo.

Kibao cha urefu kinachowekwa chini ya ngazi kina maana hiyohiyo. Sehemu nyingi za michezo ya maji duniani huweka kiwango cha sentimita 107 au 120 kwa slaidi kubwa, na 120 ni kimo cha mtoto wa miaka 7 hivi. Kona na kingo za slaidi hujengwa kwa kukadiria uzito na ukubwa wa mwili utakaopita. Mtoto mwepesi anaweza kukwama katikati, au akarushwa ukingoni kwenye kona. Hata hivyo si ajabu kumwona baba akimnong’oneza mtoto asimame kwa vidole ili afikie mstari, au mama akimwongezea mwanawe miaka miwili mbele ya mhudumu. Anayedanganywa hapo si mhudumu.

Wazazi wenye huruma huona njia ya mkato: kumpakata mtoto na kuteleza naye. Inaonekana salama, na ndiyo moja ya njia za haraka za kumvunja mtoto mguu. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2017 kuhusu slaidi za viwanja vya michezo, zile kavu, ulionyesha kuwa watoto wadogo huvunjika mfupa wa chini ya goti zaidi ya mifupa mingine, na kupakatwa kulitajwa kuwa sababu kubwa. Mtoto akiteleza peke yake na mguu wake ukinasa ukingoni, husimama au hupunguza mwendo. Akiwa mapajani pa mtu wa kilo 70, mguu unabaki nyuma huku uzito wote ule ukiendelea mbele. Kwenye slaidi ya maji huongezeka jambo jingine: wakifika chini, mtu mzima huweza kumwangukia mtoto ndani ya maji, au mikono iliyolowa ikamponyoka. Slaidi za kubeba watu wawili zipo, nazo huwa na tyubu yake yenye vishikio viwili. Pasipo na tyubu hiyo, ni mtu mmoja mmoja.

Mkao wenyewe ni rahisi kumfundisha mtoto nyumbani, hata sakafuni juu ya mkeka: miguu mbele, kukaa au kulala chali kama mhudumu atakavyoelekeza, mikono imekunjwa kifuani. Asitangulize kichwa. Asisimame. Asijaribu kujizuia katikati ili amsubiri rafiki. Akifika chini, aondoke upande mara moja, kwa sababu mwenzake yuko njiani. Watoto husahau hili la mwisho kuliko yote; hufika, hufuta macho, hugeuka kutazama juu, na hapo ndipo magoti ya mwenzao huwapata usoni.

Slaidi bila maji si slaidi. Maji ndiyo yanayoifanya iteleze na ndiyo yanayoipoza. Stima ikipotea, jambo ambalo wakazi wa Pwani hawahitaji kuelezwa, pampu husimama, na dakika chache baadaye kile chombo kilichokuwa baridi kimekuwa kikavu na cha moto kwa jua la saa saba mchana. Mtoto hukwama katikati, ngozi ikachubuka au kuungua, na wa nyuma yake hajui. Pampu ikizimika, watoto wote washuke kwa ngazi mpaka maji yarudi na mhudumu ahakikishe yanatiririka hadi mwisho.

Kuhusu mavazi, kinachonasa kiachwe nyumbani: mikufu, mikanda, vifungo vya chuma, leso iliyofungwa kiunoni. Msichana anayejistiri anaweza kuvaa nguo ya kuogelea inayofunika mwili mzima, bora iwe ya kubana kiasi na isiyo na kamba zinazoning’inia. Ushauri huu unamhusu hata mama. Dera ni vazi zuri la kukaa kando ya kidimbwi, lakini likilowa huwa zito na kuzonga miguu, na mama aliyelivaa akijitupa majini kumwokoa mtoto huenda wakahitaji kuokolewa wawili. Rangi pia ina kazi. Nguo ya buluu au nyeupe hupotea ndani ya maji. Rangi ya chungwa au nyekundu inayong’aa huonekana hata mtoto akiwa chini.

Vile vibofu vya kupuliza vinavyovaliwa mikononi, pamoja na maboya ya umbo la bata, ni vitu vya kuchezea. Havimwokoi mtoto. Mgongano wa slaidi na maji unaweza kuvivua, na boya huweza kumpindua mtoto miguu ikabaki juu. Zaidi ya hayo, humpa mzazi ujasiri wa kugeukia simu.

Na simu ndiyo mada ngumu kuliko zote. Kwenye sherehe ya kuzaliwa yenye watu wazima kumi, kila mmoja huamini kuwa tisa wengine wanaangalia. Dawa inayofaa ni kupeana zamu: mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, dakika 15, bila simu, bila soga, bila pombe, kisha anamkabidhi mwingine kwa maneno. Walimu wanaoleta wanafunzi nao wafanye vivyo hivyo, na wahesabu watoto wanapoingia, wanapotoka, na kila baada ya muda katikati. Kijana aliye juu ya slaidi na filimbi si lazima awe mwokoaji. Huenda kazi yake ni kupanga foleni tu. Si utovu wa adabu kumuuliza meneja mwokoaji ni nani, anakaa wapi, na zamu yake inaisha saa ngapi.

Ikiwa mtoto ametolewa majini hapumui, asining’inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo ili atapike maji. Kufanya hivyo hupoteza dakika na huweza kusukuma matapishi kwenye mapafu. Alazwe chali mahali pagumu, kichwa kiinuliwe kidogo kwa kidevu, apuliziwe pumzi tano mdomoni, kila moja mpaka kifua kiinuke. Asipoonyesha dalili ya uhai, akandamizwe katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha theluthi ya kifua chake na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha apuliziwe pumzi mbili, na kuendelea hivyo bila kusimama. Mwingine apige 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Hata mtoto aliyezinduka na kuanza kulia apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani matatizo ya kupumua yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Linabaki suala la ule ubao ulioandikwa kuwa kila aogeleaye anaogelea kwa hatari yake mwenyewe. Wazazi wengi huusoma na kudhani hoteli imejivua lawama zote. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Sheria inayohusu wajibu wa wenye majengo kwa wageni wao, Sura ya 34, inamtaka mwenye mahali atarajie kuwa watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Inasema pia kwamba onyo peke yake halimwondolei lawama, isipokuwa lilitosha kumfanya mgeni awe salama kweli. Mtoto wa miaka minne hasomi ubao. Mwenye kidimbwi ana kazi yake, na mzazi ana yake. Ya mmoja haifuti ya mwenzake.

Kabla ya kulipa kiingilio, mzazi ana haki ya kuzunguka na kutazama. Maji yawe maangavu kiasi cha kuona sakafu hata kwenye kina kirefu zaidi. Slaidi isiwe na nyufa wala misumari iliyochomoza. Vifuniko vya matundu ya kunyonya maji chini ya kidimbwi viwepo na viwe imara, kwa sababu tundu lililo wazi linaweza kunyonya nywele au mwili wa mtoto kwa nguvu ambayo mtu mzima hawezi kuivuta. Marekani ilipitisha sheria maalumu kuhusu vifuniko hivyo mwaka 2007, baada ya msichana wa miaka saba kufa kwa namna hiyo. Watoto waliosukwa nywele ndefu wazifunge juu. Na mtoto anayeharisha asiingie majini hata kidogo, kwani vipo viini vya kuharisha vinavyoweza kuishi siku kadhaa ndani ya maji yenye klorini.

Anayeona kasoro amweleze meneja kwanza. Isiporekebishwa, apeleke taarifa kwa afisa wa afya ya umma katika kaunti ndogo, akitaja jina la mahali, siku na saa, na picha ikiwezekana. Tundu lililokosa kifuniko si kasoro ya kusubiri taarifa: watu wote watolewe majini papo hapo, pampu izimwe, na kidimbwi kifungwe mpaka kifuniko kirudishwe.