Vyakula vya Ajabu na Wenye Kuvijua

Kila mtu hukiita chakula cha kwao chakula, na cha wengine hukiita kitu cha ajabu. Wenyeji wa Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa la Victoria, huzingoja kwa hamu mvua za mwezi wa Novemba, maana ndizo ziletazo senene. Usiku wadudu hawa huja kwa wingi wakiufuata mwanga wa taa. Watu huwakamata, huwanyonyoa mabawa na miguu, kisha huwakaanga kwa chumvi. Mtu wa pwani akiandaliwa sahani ya senene aweza kugeuza uso. Lakini mtu huyo huyo hula pweza, mnyama wa bahari asiye na mfupa, mwenye mikono minane; na mtu wa Bukoba ambaye hajapata kuiona bahari, akimkuta pweza jikoni, yeye naye hugeuza uso. Wamasai nao, ambao desturi yao ni kunywa maziwa yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe, tangu zamani hawakumhesabu samaki kuwa chakula chao. Basi ni nani katika hawa aliye na haki ya kumcheka mwenziwe?

Tusidhani ya kuwa ulimi peke yake ndio uamuao. Mtoto mchanga atambaaye hutia kinywani kila akiokotacho, kiwe tunda au mdudu. Mama yake humpokonya na kumwambia, hiki huliwa, na hiki hakiliwi. Hivyo hujifunza kuchukia vyakula kama ajifunzavyo lugha, na akiisha kukua hudhani ya kuwa alizaliwa navyo. Twasoma katika Injili ya kuwa chakula cha Yohana Mbatizaji kilikuwa nzige na asali ya mwitu. Nzige hao hawakuwa haramu kwa Wayahudi, maana Torati yenyewe iliwaruhusu kuwala.

Lakini liko jambo kubwa kuliko kuchukia na kupenda. Chakula cha watu si kitu chenyewe tu, bali ni kitu hicho pamoja na elimu ya kukitengeneza. Atwaaye kitu na kuiacha elimu yake aweza kupata hasara kubwa.

Tutazame kwanza nchi ya Aisilandi, kisiwa cha baridi kali kaskazini ya Ulaya. Katika bahari ya huko yuko papa mkubwa ambaye nyama yake ikiwa mbichi ina sumu, na mtu aliyeila huyumba kama mlevi. Watu wa Aisilandi hawakumtupa papa huyo, maana nchi yao haina mashamba mengi, na zamani njaa iliwapata mara nyingi. Walijifunza kuifukia nyama katika changarawe na kuikandamiza kwa mawe kwa muda wa majuma mengi, hata maji yenye sumu yakachuruzika. Baada ya hayo huitundika katika kibanda kipitacho upepo, nayo hukauka kwa miezi kadhaa. Harufu yake ni kali mno, na wageni wengi hushindwa kumeza hata kipande kimoja. Lakini mtu wa Unguja au wa Mombasa hana sababu ya kustaajabu sana, kwa kuwa papa mkavu auzwaye katika masoko yetu naye hunuka tangu mbali, na watu humnunua kwa furaha.

Wala tusiseme ya kuwa sumu iko katika vyakula vya wageni tu. Mhogo wenyewe ulikuwa mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa Afrika na Wareno baada ya mwaka 1500. Uko mhogo mtamu, na uko mhogo mchungu. Ule mchungu una sumu iitwayo sianidi, lakini wakulima huupanda kwa kuwa nguruwe na panya hawaupendi. Mama zetu huumenya, huuloweka siku kadhaa hata ukalainika, kisha huuanika juani na kuutwanga. Kazi hiyo si ya kupata unga tu. Ndiyo iondoayo sumu. Wakati wa ukame, watu wenye njaa hufupisha siku za kuloweka, wakaula mhogo huo siku baada ya siku bila chakula kingine cha kuwatia nguvu. Ndipo hutokea ugonjwa uitwao konzo, ambao hupoozesha miguu ya watoto na ya mama zao ghafula, wala haina dawa ya kuirudisha. Ugonjwa huo umeonekana Kongo, Msumbiji, na hata Tanzania. Kumbe siku mbili tatu za kungoja zaweza kuwa ndizo tofauti ya mtoto atembeaye na mtoto asiyetembea.

Sasa sikilizeni habari ya watu waliotwaa chakula bila elimu yake. Mwaka 1860 wasafiri waliondoka Melbourne, katika nchi ya Australia, ili kulivuka bara lile toka kusini hata kaskazini. Mkuu wao aliitwa Burke, na wa pili wake Wills. Mwezi wa Aprili 1861, Burke na Wills na mwenzao King walirudi kambini penye kijito cha Cooper wakiwa wamechoka kabisa, wakakuta wenzao waliowaachia akiba wameondoka asubuhi ya siku ile ile. Wenyeji wa mahali pale, kabila la Yandruwandha, waliwapa samaki na mikate ya mmea uitwao nardoo. Wazungu wale walijifunza kuuokota mmea huo na kuusaga, lakini hawakujifunza yote. Wenyeji waliusaga pamoja na maji; wasafiri waliusaga mkavu. Wataalamu wa siku hizi waeleza ya kuwa ndani ya nardoo mna kitu kiharibucho vitamini moja ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo, na ya kuwa njia ya wenyeji ilipunguza nguvu ya kitu hicho. Wasafiri walikula wakashiba, na huku wakizidi kudhoofika kila siku. Tena Burke hakutaka kuwategemea wenyeji, hata akawafukuza. Yeye na Wills walikufa karibu na mwisho wa mwezi wa Juni. King aliwafuata wenyeji, akakaa kwao, akala walichokula jinsi walivyokila. Naye alionekana mwezi wa Septemba yu hai.

Hao walikula bila kujua. Wako na wengine waliokaribia kufa kwa kukataa kula. Mwaka 1897 merikebu iitwayo Belgica ilitoka Ubelgiji kwenda kuchunguza nchi ya barafu iliyo kusini kabisa ya dunia. Mwezi wa Machi 1898 ilikuwa imekwisha kunaswa katika barafu. Jua likatoweka kwa zaidi ya miezi miwili, na mabaharia wakaanza kuugua kiseyeye: fizi zao zilivimba, miguu ikajaa maji, na mioyo ikadhoofika. Chakula chao kilikuwa cha makopo. Nje ya merikebu walikuwako sili, wanyama wa bahari wenye mafuta mengi, na pengwini, ndege wasioruka. Lakini nyama yao iliwachukiza watu, na Gerlache, mkuu wa safari, aliikataa kabisa. Daktari wao Cook, Mmarekani, alikuwa amekaa zamani kidogo na Wainuit wa Greenland, akaona ya kuwa watu wale, ambao hawana shamba wala mti wa matunda, hula nyama mbichi wala hawapatwi na kiseyeye. Akawasihi wagonjwa wale nyama ya pengwini na ya sili bila kuipika sana. Waliokubali walianza kupata nafuu, hata nahodha Lecointe, ambaye alikuwa amekwisha kuandika wosia wake. Mwisho Gerlache naye alikula, akapona. Mwezi wa Machi 1899 merikebu ilitoka katika barafu.

Wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua sababu. Neno lenyewe vitamini lilitungwa mwaka 1912. Siku hizi twajua ya kuwa nyama mbichi ya wanyama wale ina vitamini C kidogo, na kupika sana huiharibu. Wainuit hawakuwa na neno hilo, lakini walikuwa na elimu yake.

Basi, ukisafiri ukaandaliwa chakula usichokijua, shika mambo matatu. La kwanza, usikidharau, wala usikunje uso mbele ya mwenyeji wako. Huenda chakula hicho ndicho kilichowaokoa babu zake katika njaa. La pili, ikiwa dini yako au afya yako yakukataza, kataa kwa adabu na kwa shukrani. La tatu, usiokote kitu porini au baharini ukakila kwa sababu tu umesikia ya kuwa watu fulani hukila. Uliza kwanza huvunwa lini, huoshwaje, hupikwa kwa muda gani, na nani hakatazwi kukila. Wazee walisema, kuuliza si ujinga. Na katika jambo la chakula, kuuliza ni uhai.