Kistari Kinachogombanisha Milango ya Python

Andika programu ya Python, ihifadhi kwa jina hesabu-za-duka.py, kisha iendeshe. Inafanya kazi vizuri kabisa. Kesho yake fungua faili jingine uandike import hesabu-za-duka, na Python inagoma: sintaksia si sahihi. Nimewaona wanafunzi wakitafuta kosa hilo saa nzima ndani ya faili lisilo na kosa lolote.

Jina la moduli, yaani faili linaloingizwa kwa import, hupita kwa wakaguzi wawili. Wa kwanza husoma sarufi kabla amri yoyote haijatekelezwa. Kwake, jina ni herufi, tarakimu na mstari wa chini tu, na haliruhusiwi kuanza na tarakimu. Kistari ni alama ya kutoa, basi anaona umeandika hesabu kutoa za kutoa duka. Wa pili ni mtafutaji wa faili. Huyu sarufi haimhusu; anaangalia tu kama faili la jina hilo lipo. Ndiyo maana ukiandika importlib.import_module("hesabu-za-duka"), jina likiwa ndani ya alama za kunukuu, mkaguzi wa kwanza haligusi na moduli inaingia.

Mkaguzi wa kwanza pia hukataa jina ambalo ni neno la lugha yenyewe, na orodha ya maneno hayo hukua. Toleo la 3.7, la mwaka 2018, lilifanya async kuwa neno la lugha yenyewe. Maktaba ya Celery ilikuwa na moduli yenye jina hilo, halali kwa miaka, na watunzaji wake wakalazimika kuiita asynchronous.

Kwenye PyPI, ghala la vifurushi, kuna sheria nyingine tena: kistari ni ruksa, na kistari, nukta na mstari wa chini huhesabiwa kitu kimoja. Tena jina la kifurushi si lazima lifanane na la moduli: unasakinisha scikit-learn, kwenye programu unaandika import sklearn.

Mwongozo wa PEP 8 unashauri majina mafupi ya herufi ndogo. Ushauri mzuri, lakini anayeanza hajausoma, na siku anayohifadhi faili lake hakuna anayemwonya. Hapo naona lugha inamwonea. Kumsaidia kunawezekana: tangu toleo la 3.13, la mwaka 2024, ukiliita faili lako random.py likaifunika moduli ya Python yenye jina hilo, ujumbe wa kosa unalitaja faili lako na kukushauri ulibadilishe jina. Mwenye hesabu-za-duka.py bado anaonyeshwa kistari tu, bila kuambiwa kuwa shida ni jina la faili.