Konzo ao polio? Namna daktari wa kesho anafundishwa kutofautisha

Mtoto amelala muzima. Asubui miguu yote mbili haimubebe tena. Jamaa inasema amelogwa. Mwanafunzi wa udaktari, yeye, anafundishwa kuuliza kwanza: ugonjwa umeshika fasi gani ya mishipa ya fahamu?

Ili kujua, anagonga kinyundo cha mpira chini ya goti. Kwa polio, mara nyingi mguu mumoja unalegea, na ukigongwa hauruki. Kwa konzo, miguu yote mbili inakazana, na ukigonga inaruka kupita kawaida. Ni alama kwamba mishipa inayobeba amri za ubongo kuelekea miguu imeharibika.

Kisha anauliza: ilianza je? Konzo inashika kwa rafla, halafu haizidi. Kama mgonjwa anazidi kulegea kila juma, mwanafunzi anapaswa kutafuta kingine, mfano kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Mwisho: nyumbani munakula nini? Konzo, iliyoandikwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 kule Kwango, inatokana na mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, ambamo sumu ya sianidi inabakia. Inashika zaidi wenye kukosa maharagi, samaki ao nyama. Hata Kivu ya Kusini imeonekana.

Miguu ile haiponi kabisa. Lakini ndugu zake wangali wanakula kwenye chungu kile kile. Konzo ikitambuliwa mapema, wao wataambiwa leo: loweka mihogo siku tatu, anika vizuri, ndipo mupike.