Subaru ya tabo na kigari chepesi: Kwa nini mguu wa dereva hukosea akibadilisha gari Mombasa

MADEREVA wa Mombasa wapendao magari ya mwendo hugawanyika makundi mawili. Wengi hawaoni gari jingine ila Subaru Impreza na nduguye WRX STI, gari la milango minne lenye injini ya tabo na magurudumu manne yanayovuta kwa pamoja. Wachache, maana vigari hivyo si vingi nchini, wamevutiwa na Mazda Roadster, kigari cha viti viwili kijulikanacho ng'ambo kwa jina la MX-5, chenye paa la turubai linalokunjwa nyuma ya viti. Lipo kundi la tatu lisilozungumziwa sana: wale wanaotumia yote mawili, hili leo na lile kesho, ama kwa kuwa yamo nyumbani mwao, ama kwa kubadilishana funguo na ndugu au rafiki mwishoni mwa wiki.

Kundi hili la tatu ndilo lililo katika hatari. Anayebadilisha gari hubadilisha pia hesabu ambazo mguu na jicho lake huzifanya bila yeye kujua: nafasi gani inatosha kulipita lori, breki ikanyagwe wapi, kona yenye maji ichukuliwe kwa kasi gani. Hesabu iliyo sahihi ndani ya Subaru yaweza kuwa kosa la mauti ndani ya Mazda, na kinyume chake vilevile.

Tuanze na mizani. WRX STI iliyouzwa Japani kati ya mwaka wa 2014 na 2019 ilikuwa na injini ya lita mbili yenye nguvu za farasi 308, na uzito wa takriban kilo 1,490. Roadster iliyoanza kuuzwa huko mwaka wa 2015 ilikuja na injini ya lita moja na nusu yenye nguvu za farasi 131, na ile isiyo na madoido mengi ilikuwa na uzito wa kilo 990 tu. Tumetaja magari ya soko la Japani kwa sababu ndiko yatokako mengi ya magari ya mitumba yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa, na kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita umri wa miaka minane, zile za miaka ya tisini zilizopo nchini ni zile zilizoingia zamani.

Tofauti ya uzito, basi, ni nusu tani. Ni kama Subaru imebeba watu wazima saba ambao Mazda haikuwabeba. Hata hivyo, ukigawa nguvu kwa uzito, Subaru bado inaongoza kwa mbali: farasi zaidi ya 200 kwa kila tani, ilhali Mazda ina 130 na ushei. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba wepesi umefidia kila kitu. Haukufidia. Umebadilisha tu mahali ambapo raha na hatari hupatikana.

Tabo yenyewe ni kifaa rahisi kukieleza. Moshi unaotoka injini ukielekea bomba la nyuma hupitishwa kwenye kigurudumu chenye mapanga. Kigurudumu hicho kinapozunguka huzungusha kingine upande wa pili, nacho hushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi huweza kuchomwa, na nguvu huongezeka bila ya injini kuwa kubwa. Tatizo ni kwamba moshi ukiwa mchache tabo hulala. Dereva akikanyaga mafuta injini ikiwa inazunguka polepole, kwanza hapati kitu, kisha ghafla anapata kila kitu. Mzoefu wa Subaru huizoea pengo hilo la nukta moja au mbili. Hukanyaga mapema kidogo kabla ya kuihitaji nguvu. Injini ya Mazda, isiyo na tabo, hujibu papo hapo kwa kiasi kilekile mguu ulichoomba. Aliyezoea kukanyaga mapema atajikuta amefika kwenye kona na mwendo ambao hakuukusudia.

Kuna jambo la jiografia hapa ambalo wenye magari wa pwani mara nyingi hulipuuza. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya Kilindini kwa kiasi cha asilimia 15 hivi. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri iyo hiyo, kwa sababu inavuta hewa haba. Tabo, kwa kuwa huishindilia hewa kwa nguvu, hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Ndiyo sababu mojawapo ya tabo kusifiwa mno bara, na si ushabiki mtupu. Mombasa, iliyo kando ya maji, hali ni nyingine: hapa injini ya kawaida hupumua pumzi yake yote. Kigari kile kile kinacholegea kikipanda Limuru huwa kichangamfu kikiwa Tudor. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kama kuna mji mkubwa nchini ambako mtu anaweza kuikosa tabo na asijute, ni huu.

Fauka ya hayo, joto la pwani haliipendi tabo. Hewa iliyoshindiliwa hupata moto, na hewa yenye moto ni nyepesi, hivyo faida ya kuishindilia hupungua. Ili kuzuia hilo, Subaru huipitisha hewa hiyo kwenye kipozea kilicholazwa juu ya injini, chini ya lile tundu pana lililo kwenye boneti. Tundu hilo hufanya kazi gari likienda, kwa kuwa upepo huingia. Likisimama kwenye msongamano wa Daraja la Nyali saa kumi na moja jioni ya mwezi Februari, joto la injini hupanda na kukikaanga kipozea chenyewe. Msongamano unapofunguka, dereva hukanyaga mafuta akitarajia farasi 308 na kupata pungufu. Hupata zote tena baada ya upepo kupita kwa muda.

Je, ndani ya Mji wa Kale? Hapa wengi hudhani kigari kidogo kitapenya popote. Vipimo havisemi hivyo. Upana wa STI ni milimita 1,795 na wa Roadster ni 1,735, tofauti ya sentimita sita tu, isiyotosha hata kupitisha kiganja. Vichochoro vinavyochomoka kutoka Ndia Kuu vilikatwa kwa ajili ya watu, punda na mikokoteni, na mahali ambapo Subaru haipiti, Mazda pia itakwangua ukuta wa mtu. Faida iko katika urefu: Roadster ni fupi kwa sentimita 68, na dereva akilazimika kugeuza gari nyuma ya Ngome ya Yesu au kumpisha mwenye mkokoteni wa maji, urefu huo ndio unaoamua kama atageuza kwa mara mbili au kwa mara tano huku vijana wa barazani wakimtolea maelekezo yanayopingana.

Si ajabu kwamba kisiwa hiki kimekuwa na mapenzi na vyombo vyepesi tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya magari ya injini kuenea, wenye vyeo waliokaa kisiwani walisafiri kwa vigari vidogo vilivyotembea juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu kwa mikono. Leo ni tuktuk.

Turudi kwenye breki. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa mijini, huwa na nishati ambayo lazima breki ziimeze ili lisimame. Katika mwendo huo huo, Subaru huwa na nishati iliyozidi ya Mazda kwa takriban nusu. Watengenezaji wanalijua hilo na wameifunga STI breki kubwa zaidi, kwa hiyo magari yote mawili husimama vizuri yakiwa mapya. Tofauti huonekana baadaye, breki zikiwa zimechoka au zimepata moto kutokana na kukanyagwa mara kwa mara, kama vile kwenye mteremko mrefu nyuma ya malori. Gari zito huchoka kwanza. Anayetoka kwenye gari jepesi na kuingia kwenye zito akumbuke kuacha nafasi zaidi mbele yake, hata kama kanyagio la breki linaonekana kuwa na nguvu.

Mvua ni somo jingine. Katika siku za mwanzo za masika, vumbi na mafuta yaliyojikusanya barabarani kwa miezi ya kaskazi huchanganyika na maji na kuifanya lami iteleze kama sahani ya samli. Subaru, kwa kuwa magurudumu yote manne huvuta, husamehe mengi. Dereva akizidisha mafuta kwenye kona, aghalabu pua ya gari hukataa kupinda na kwenda nje kidogo. Akiachia mafuta, hurudi. Mazda husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Kosa lilo hilo hufanya mkia uchomoke, na dereva asiyejua akiachia mafuta kwa ghafla, mkia huzidi kuchomoka. Kipo kifaa cha kielektroniki kinachosaidia kuushika, lakini kifaa hicho hakiwezi kuongeza mshiko ambao matairi yaliyokwisha hayana. Katika mzunguko wa barabara penye maji, kanuni ya Mazda ni moja: punguza mwendo kabla ya kuingia, kisha mguu utulie.

Hata hivyo, ajali itishayo zaidi haipo kisiwani. Iko ng'ambo ya Daraja la Makupa, katika barabara ya kwenda Nairobi, safari ya karibu kilomita 480 iliyojaa matrela. Dereva aliyekaa miezi na Subaru amejifunza kwamba pengo fulani kati ya trela na basi linalokuja linatosha. Amelipima kwa macho mara mia na kila mara tabo imemvusha. Siku anayopanda Mazda, macho yake yatamwambia jambo lile lile. Lakini injini hii ina nguvu ya msokoto ya nyutoni-mita 150, dhidi ya 422 za Subaru, na hata baada ya kuondoa wepesi wake, muda atakaokuwa upande usio wake utarefuka. Hilo ndilo pengo linaloua. Zaidi ya hapo, ameketi chini sana: kimo cha kigari chote ni mita 1.235, kwa hiyo haoni mbele ya trela na dereva wa trela hamwoni yeye. Ushauri wetu ni kwamba mwenye kubadilisha gari asilipite lolote katika nusu saa ya kwanza ya safari hadi macho yajifunze upya.

Mashabiki wa Safari Rally watakumbuka kwamba jambo hili limewahi kujaribiwa na mabingwa hapa hapa Kenya. Mwaka wa 1993 Subaru ilileta Vivio, kigari cha injini ya sentimita mchemraba 660. Colin McRae wa Scotland alikiendesha na hakumaliza. Mkenya Patrick Njiru alikifikisha mwisho katika nafasi ya 12. Mwaka uliofuata Njiru alipanda Impreza ya tabo na kumaliza wa nne. McRae naye alirudi na Impreza na kushinda mwaka wa 1997. Ni watu wale wale na njia zisizotofautiana sana, lakini gari tofauti lilidai uendeshaji tofauti: kigari chepesi huhitaji kutunza mwendo usipotee, maana ukipotea hakuna nguvu ya kuurudisha upesi; lenye tabo huhitaji kujua lini usiitumie nguvu iliyopo. Njiru aliyaweza yote mawili, na kwa maoni yetu hakupewa sifa zilizomstahiki kwa hilo.

Kuhusu matunzo, tabo hudai oili safi kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa mhimili wake huzunguka kwa kasi kubwa mno ukiwa umepakana na moshi wa moto mkali. Aliyefika kutoka Voi kwa mwendo asizime injini papo hapo. Aiache iungurume dakika moja au mbili ili oili iendelee kuupoza. Mazda haina haja hiyo. Adui yake ni chumvi ya bahari na jua. Turubai la paa hukauka na kupasuka mahali linapokunjwa, na vijitundu vya kutolea maji vilivyo nyuma ya milango vikizibwa na vumbi na majani, maji ya mvua hurudi na kutuama chini ya mazulia, kutu ikaanza upande wa ndani mahali ambapo hapaoshwi. Anayeegesha chini ya miti ya Barabara ya Mama Ngina ili ale mihogo paa likiwa wazi avikague vijitundu hivyo kabla ya mwezi wa Aprili.