Fordsburg: 'Daktari Kasema Nini?'

Pita Mint Road, Fordsburg, Jumamosi jioni. Utasikia Kigujarati, Kiurdu, Kiarabu, Kibengali na Kizulu, na ukitega sikio vizuri utakisikia Kiswahili: cha Mkongo, cha Mtanzania, cha Msomali aliyekaa Nairobi kabla ya kushuka Johannesburg. Sokoni wote hao wanaelewana, maana bei ni bei na vidole vipo. Shughuli huanza mmoja wao anapougua.

Hospitali za umma za upande huu ni Helen Joseph na Rahima Moosa, zenye majina ya wanawake wawili kati ya wanne walioongoza maandamano ya wanawake ya kupinga sheria za pasi, Pretoria, tarehe 9 Agosti 1956. Ukienda hospitali yoyote ya umma jijini, foleni ni ndefu, daktari amesomea udaktari kwa Kiingereza, na mgonjwa wetu ana adabu zake. Hiyo adabu nayo inaponza. Msomi habishiwi. Akiulizwa "Umeelewa?" anajibu "Ndiyo, daktari." Akitoka nje mwenzake anamuuliza, "Kasema nini?" "Kasema ninywe dawa." Kwa muda gani, na zikimtapisha afanyeje, hana habari.

Tumezoea kusema daktari fulani ana roho nzuri na fulani hana. Roho nzuri haitoshi. Ufasaha nao hautoshi: Yusuf Dadoo, daktari aliyesomea Edinburgh, alihutubia umati papa hapa Fordsburg kupinga ubaguzi, lakini kuhutubia maelfu na kumsikiliza mmoja ni kazi mbili tofauti. Kumsikiliza mgonjwa ni ufundi, na hufundishwa kama kushona jeraha kunavyofundishwa. Mwaka 1963, huko Los Angeles, Dk. Howard Barrows alianza kuwatumia watu wenye afya nzuri, waliofunzwa kuigiza ugonjwa, ili wanafunzi wajifunzie kwao. Mwaka 1984 Beckman na Frankel, watafiti wa Marekani, waligundua kuwa madaktari waliorekodiwa walimkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Sekunde 18! Mswahili hajamaliza hata salamu.

Kilomita chache kutoka Fordsburg, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kina kitengo cha utafiti wa mawasiliano ya afya, alichokianzisha Profesa Claire Penn. Yeye na mwenzake Jennifer Watermeyer walirekodi kwa video mazungumzo ya daktari, mgonjwa na mkalimani, wakayachambua neno kwa neno. Mkalimani katika hospitali za Afrika Kusini mara nyingi ni nesi, pengine hata mfanya usafi aliyeitwa kutoka korido. Yeye na mgonjwa husogoa kidogo pembeni, na daktari mwenye haraka huona anapotezewa muda. Watafiti hao walionyesha kuwa soga hizo zina kazi: ndimo mgonjwa anamotoa hofu yake na kupata ufafanuzi. Daktari aliyefunzwa hawanyamazishi. Huwaacha wamalize, kisha huuliza wamezungumza nini, macho yake yakiwa kwa mgonjwa.

Chuo Kikuu cha Cape Town kinawafundisha wanafunzi wa udaktari Kixhosa na Kiafrikana, na KwaZulu-Natal wanafundisha Kizulu. Ni jambo jema, ila halitaifikia Mint Road. Hakuna chuo kitakachofundisha Kisomali, Kilingala na Kiswahili kwa pamoja. Kinachobaki ni ufundi wa kumtaka mgonjwa aeleze mwenyewe alichoelewa.

Chukua mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa ameze kidonge asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Ukimuuliza kama ameelewa, atasema ndiyo. Muulize badala yake, "Hebu nieleze, kesho utakimezaje?" Atakujibu, "Kesho nimefunga, daktari." Hapo ndipo matibabu yanapoanza: daku saa ngapi, futari nini, sukari ikishuka mchana afungue au asifungue. Katika mtaa wenye Waislamu wengi kama huu, daktari asiyeuliza habari za Ramadhani ameandika cheti nusu.

Na tuache kuwatumia watoto. Binti wa miaka kumi kumtafsiria mama yake habari za kizazi ni kosa, hata akiwa hodari wa Kiingereza kiasi gani.

Sheria ya Afya ya Taifa, namba 61 ya mwaka 2003, kifungu cha 6, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa pale inapowezekana. Hilo "inapowezekana" ni mlango mpana, na wengi hupitia hapo. Kwa hiyo wewe uliyeko Fordsburg au mtaa jirani wa Mayfair, omba mkalimani mtu mzima tangu unapojiandikisha dirishani, usingoje uingie chumbani. Na kabla hujainuka kitini mwambie: "Daktari, subiri kidogo nikueleze nilivyoelewa."