Mtungi wa Kilo Kumi na Nane

Walioangalia mbio za langalanga za Bahrain usiku wa Novemba 29, 2020 wanakumbuka moto mmoja. Gari la Mfaransa Romain Grosjean liliacha njia katika mzunguko wa kwanza, likapasua kizuizi cha chuma kwa kasi ya kilomita 192 kwa saa, likakatika vipande viwili na kuwaka. Dereva alikaa ndani ya moto kwa sekunde 28, kisha akajitoa mwenyewe, mikono imeungua na kiatu cha mguu wa kushoto kimebaki nyuma.

Usiku huohuo palikuwa na moto wa pili, mdogo, na huo ndio unaokataa kutoka kichwani. Mizunguko michache kabla ya mwisho, injini ya Sergio Perez, aliyekuwa nafasi ya tatu, ilikufa na gari likaanza kuwaka kando ya njia. Msimamizi mmoja wa njia alinyakua mtungi wa kuzimia moto, akakimbia kuvuka kwenda ng'ambo. Dereva Lando Norris alikuwa anakuja. Akampita salama. Gari la usalama liliongoza msafara hadi mwisho, Lewis Hamilton akashinda, na watu wakarudi kuzungumza juu ya Grosjean.

Mtu anayekata njia na mtungi mkononi mbele ya gari la langalanga alikwisha kuonekana zamani. Ilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, Machi 5, 1977. Siku hiyo walikufa wawili.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa yuko mzee aliyefanya kazi ya zimamoto katika bandari ya Kilindini mpaka alipostaafu. Hataki jina lake gazetini. Alipoonyeshwa picha za Bahrain kwenye simu hakuuliza gari ni la nani wala nani alishinda. Aliuliza mtungi ule ni wa kilo ngapi.

Wa Bahrain haukutangazwa. Wa Kyalami unajulikana: ratili 40, yaani kilo 18. Aliubeba kijana wa miaka 19 aitwaye Frederik Jansen van Vuuren, ambaye siku za kazi alikuwa akikata tikiti katika uwanja wa ndege wa Johannesburg. Mtaliano Renzo Zorzi alikuwa ameegesha gari lake la Shadow upande wa pili wa njia, likitoa moto mdogo. Zorzi alichelewa kutoka kwa sababu bomba la hewa lililoungwa kwenye helmeti yake lilimkatalia. Kutoka ng'ambo, mtu anayehangaika hivyo garini anaonekana amenaswa. Wasimamizi wawili walianza kuvuka. Wa kwanza, fundi wa kunyoosha bodi za magari mwenye miaka 25, alifika. Frederik hakufika.

Mzee alimwita mjukuu wake, akamkabidhi dumu la maji la lita 20, kwa kuwa maji hayo yana uzito wa karibu kilo 20, na akamwagiza akimbie nalo upana wa barabara ya lami, siyo vichochoro vya Mji wa Kale. Kijana ana nguvu na miguu mirefu. Sekunde nne zilipita kabla hajagusa upande wa pili, na alifika amepinda.

Hapo ndipo Mzee alipoanza kufundisha. Tazama bega, alisema: la upande wenye mzigo limeshuka. Chuma kinagonga goti, kwa hiyo hatua inakuwa fupi. Kichwa kinainama kuufuata mzigo, na shingo iliyoinama haigeuki kirahisi. Tena macho ya mtu anayekwenda kuzima moto yako kwenye moto. Moto huvuta macho hata ya aliyeuzoea miaka thelathini. Kinachokuja ubavuni hakionekani, na kama kinaonekana, mwili hauwezi tena kurudi, maana mzigo umeshaushika mwendo na unauvuta mbele. Kusimama ghafla na kilo 18 kunahitaji hatua mbili au tatu zaidi. Hatua hizo, kwa maneno yake, hakuna aliyewahi kumpa mtu bure.

Hesabu inamuunga mkono. Tom Pryce, Mwelshi wa miaka 27, alikuwa akiendesha Shadow nyingine, ya timu moja na Zorzi, kwa kasi ya takriban kilomita 270 kwa saa. Hiyo ni mita 75 kila sekunde. Katika sekunde nne za dumu la yule mjukuu, gari kama hilo linakula mita 300. Kyalami ilikuwa na mwinuko pale, na wavulana wale walipoanza kukimbia, magari yalikuwa bado nyuma ya mwinuko. Hans Stuck, aliyekuwa mbele ya Pryce, aliwaona akakwepa. Pryce alikuwa nyuma ya Stuck; hakupata nafasi ya kuona. Gari lilimuua Frederik, na mtungi ukampiga Pryce kichwani. Pryce alikufa papo hapo, lakini gari lake liliendelea kuteremka peke yake hadi kona ya Crowthorne na kuligonga la Jacques Laffite. Mbio hazikusimamishwa. Niki Lauda alishinda. Frederik alitambuliwa baadaye, baada ya wasimamizi wote kukusanywa na yeye kukosekana.

Mzee alinyamaza kidogo aliposikia habari ya kukusanywa. Kisha akakataa katakata kumwita kijana yule mjinga.

Ana haki. Julai 1973, huko Zandvoort, Uholanzi, Roger Williamson alikufa chini ya gari lake lililopinduka na kuwaka huku dereva mwenzake David Purley akihangaika peke yake kuligeuza. Wasimamizi waliokuwa karibu hawakuwa na mavazi ya kuhimili moto. Yeyote aliyesimama njiani na mtungi baada ya picha za Zandvoort alijua anatazamiwa kufanya nini: kuwahi. Mwaka 1976 Lauda mwenyewe alitolewa motoni kule Nürburgring na madereva wenzake.

Tangu hapo madereva wamejengewa ngome. Mwaka 2018 yaliletwa matao ya titani juu ya kiti, ambayo James Allison wa Mercedes alisema yanaweza kubeba takriban uzito wa basi la ghorofa la London. Grosjean aliyapinga yalipokuja. Baada ya Bahrain alikiri kwamba yalimwokoa. Wasimamizi hawakupata tao. Paolo Gislimberti aliuawa na gurudumu lililoruka Monza mwaka 2000, na Graham Beveridge akafa hivyohivyo Melbourne mwaka uliofuata. Mark Robinson alikanyagwa Montreal mwaka 2013 na mashine iliyokuwa ikiondoa gari bovu. Walikuwa watu wa kujitolea, kama wasimamizi wengi, ambao hulipwa chakula na fulana tu, na majina yao hayamo katika mazungumzo ya mashabiki wa baraza lolote.

Jambo moja lilimfurahisha Mzee. Oktoba 2014, katika mvua ya Suzuka, Jules Bianchi aliligonga trekta lililokuwa likiondoa gari jingine, na majeraha yale yakamuua Julai 2015. Mwaka huohuo wa 2015 ukaanza utaratibu wa kuyapunguzia magari yote mwendo kwa amri moja, kabla gari la usalama halijatoka. Alitaka arudiwe maelezo hayo. Kilindini, alisema, moto wenyewe haukuwa hatari kubwa kuliko malori na kreni zilizoendelea na kazi huku watu wake wakikimbia na mipira ya maji. Amri yao ilikuwa moja: hakuna kukata njia ya malori mpaka mtu mmoja, asiyebeba chochote, asimame na kuyazuia. Huyo hazimi moto. Kazi yake ni kutazama upande ambao wengine hawautazami, na mara nyingi ndiye aliyelaumiwa kwamba alisimama bure.

Basi nani alikuwa amesimama hivyo Bahrain, miaka 43 baada ya Kyalami, kwenye mbio zenye kamera kila kona na amri ya kupunguza mwendo kidoleni? Na msimamizi yule aliyekata njia, aliambiwa kimbia au alikimbia tu?

Mzee ana swali lake, tofauti. Zamani, Safari Rally ilipokuwa ikiteremka hadi Mombasa, alizoea kuwaona vijana wa kujitolea wakipangwa barabarani, na tangu mbio hizo zirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha anawaona tena kwenye televisheni, wamejipanga kwenye vumbi na fulana zao. Anataka kujua mitungi yao imewekwa upande mmoja wa njia au pande zote mbili. Ikiwa upande mmoja, anasema, basi siku moto utakapotokea upande wa pili, aliyeamua nani atakata njia ni yule aliyeipanga mitungi asubuhi.